Mandazi ya Mbita: Jinsi ya Kula na Kulipa Vizuri Unaposafiri Majini

Wacha tuanze kwa kukiri kosa. Majuzi tulisafiri na chama cha akina mama wa Asumbi, kaunti ya Homa Bay, kwenda kisiwa cha Mfangano. Akina mama hao walikuwa wamechanga kidogo kidogo kwa karibu mwaka mzima ili waende kutembea, na walitualika tuandamane nao tuwafundishe mambo ya malipo ya simu njiani. Sisi ndio tulikuwa walimu. Kumbe sisi ndio tungeleta aibu.

Tulipofika gatini Mbita, injini ya boti ilikuwa tayari inanguruma. Njaa ilikuwa imetushika kwa sababu tulitoka Asumbi alfajiri bila kunywa chai. Kando ya njia alikuwa mama mmoja na beseni la mandazi, mayai ya kuchemsha na birika kubwa la chai. Tukaagiza haraka haraka. Jumla ilikuwa shilingi 480. Mwenzetu akaingiza nambari ya till, akaona jina, akaweka PIN. Makanga wa boti akawa anapiga kelele, “Tunaondoka! Tunaondoka!”

“Imeingia, mama?” mwenzetu akauliza.

“Bado, mwanangu.”

“Itaingia tu. Mtandao uko chini kidogo.”

Tukaruka ndani, boti ikang'oa nanga. Katikati ya ziwa mtandao ulipotea kabisa. Tulipokaribia Sena, huko Mfangano, ndipo meseji ikaingia: muamala haukukamilika, salio halitoshi. Mwenzetu alikuwa ametoa pesa ya nauli kule Homa Bay na akasahau. Mandazi tulikuwa tumeshakula.

Kesho yake tulirudi Mbita tukamtafuta yule mama. Mahali pake palikuwa patupu. Jirani yake anayeuza njugu akatuambia hakuja kwa sababu unga uliisha, na pesa ya kununua unga mwingine ilikuwa kwenye hiyo mia nne na themanini tuliyoondoka nayo. Akampigia simu, tukalipa papo hapo kwa till, na safari hii tukangoja mpaka mama mwenyewe akasema imeingia. Tukamwomba msamaha. Hakukasirika, ila alituuliza swali moja: “Na wale ambao hawarudi?”

Makala haya yametokana na swali hilo. Ushauri wa chakula cha safari za majini uko mwingi, lakini wengi husahau kwamba ukishang'oa nanga, kosa la malipo halirekebishiki kirahisi. Muuzaji yuko nchi kavu, wewe uko majini, na mtandao hauko upande wa mtu yeyote. Kwa hivyo kanuni yetu ni moja: mambo ya chakula na pesa yamalize ukiwa nchi kavu. Hebu tuone jinsi ya kufanya hivyo.

1. Jua kwanza unapanda chombo gani

Mahitaji ya tumbo yanategemea urefu wa safari. Kwa msafiri anayetoka Asumbi, safari za majini zilizo karibu ni hizi.

Kuna feri ya Mbita kwenda Luanda K'Otieno, upande wa Siaya. Hii inachukua muda wa kama saa moja, na inakuokoa kuzunguka ghuba yote kupitia Kisumu. Hapa huhitaji mlo. Chai nzuri kabla ya kupanda na njugu za kutafuna zinatosha.

Kuna boti za kwenda Mfangano, Takawiri na visiwa vingine. Hizi zinachukua saa moja na zaidi kulingana na chombo, upepo, na bichi ambazo boti inasimama. Panga kama safari ya nusu siku, kwa maana kungoja boti ijae kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko safari yenyewe.

Kisiwa cha Rusinga, alikozikwa Tom Mboya, hakihitaji boti. Kimeunganishwa na Mbita kwa daraja, kwa hivyo ukienda huko unakula kama mtu wa barabara tu.

Uliza mapema kama ndani ya chombo kuna kitu kinachouzwa. Boti nyingi ndogo hazina duka. Feri inaweza kuwa na mtu anayepita na soda na biskuti, lakini usiweke matumaini yako yote hapo. Siku utakayokuwa na mtoto mwenye njaa ndiyo siku huyo mtu hatakuja.

2. Weka bajeti ya chakula kabla ya kutoka nyumbani

Mweka hazina wa kile chama cha Asumbi alitushinda kwa jambo moja. Alikuwa na daftari. Usiku wa kabla ya safari alikuwa ameshaandika nani atabeba nini, nani atalipa nini, na ni kiasi gani kimewekwa kando kwa dharura. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na yeye alilichukulia neno hilo kama sheria.

Tuchukue mfano wa familia ya watu watano wanaokwenda Mfangano. Bei hubadilika kila mahali, kwa hivyo weka za kwenu, lakini hesabu inaenda hivi.

Ukibeba kutoka nyumbani:
- Maji ya kuchemshwa kwenye chupa zenu: 0
- Mayai 10 kwa shilingi 15: 150
- Mandazi 10 ya kupika nyumbani kwa shilingi 10: 100
- Njugu karanga: 100
- Ndizi za kuiva: 100
- Jumla: 450

Ukinunua kila kitu njiani:
- Maji chupa 5 kwa shilingi 50: 250
- Mayai 10 kwa shilingi 25: 250
- Mandazi 10 kwa shilingi 15: 150
- Njugu: 150
- Ndizi: 150
- Jumla: 950

Tofauti ni shilingi 500, na hiyo ni safari ya kwenda tu. Hatukuambii usinunue kwa wauzaji wa gatini. La hasha. Hao ndio wanaoishi kwa hiyo biashara, na chai ya moto ya saa kumi na mbili asubuhi huwezi kuifananisha na ya flaski. Tunachosema ni uamue mapema: hiki nitabeba, hiki nitanunua, na cha kununua kina bajeti yake. Ukifanya hivyo utanunua kwa moyo mweupe, bila kubishana na mama wa watu juu ya shilingi tano.

Baada ya hesabu, gawanya pesa mara mbili. Pesa kubwa ibaki kwenye simu. Noti ndogo na sarafu, tuseme shilingi 500 za hamsini hamsini na mia mia, ziwe mfukoni. Simu ikizima au mtandao ukipotea, hutalala njaa. Na kumbuka kutoa pesa kwa wakala ukiwa Asumbi au mjini Homa Bay, si gatini wakati watu kumi wamepanga foleni na wakala ameishiwa na pesa taslimu.

Jambo la mwisho hapa, na ndilo lililotuangusha sisi: angalia salio baada ya kila matumizi makubwa. Ukitoa nauli, angalia salio. Ukinunua tikiti, angalia salio. Ni sekunde chache tu.

3. Chakula gani kinavumilia ziwa?

Si kila chakula kinachopendeza mezani kinapendeza kwenye boti. Tumejifunza haya kwa kula na kwa kujuta.

*Vinavyovumilia vizuri:* mayai ya kuchemsha ambayo hayajamenywa, mandazi makavu, chapati zilizofungwa kwa kitambaa safi, viazi vitamu vya kuchemsha, njugu karanga, ndizi, machungwa, na mkate. Njugu hasa ni rafiki wa msafiri. Haziharibiki haraka, hazimwagiki, na zinashibisha. Watu wa Homa Bay wanazilima wenyewe, kwa hivyo huna sababu ya kununua kripsi za bei.

*Vya kuwa mwangalifu navyo:* samaki wa kukaanga mwenye mchuzi, nyoyo iliyopikwa jana, wali, na chochote chenye maziwa. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2. Ukihesabu muda wa matatu kutoka Asumbi, kungoja boti, na safari yenyewe, saa 2 zimeisha kabla hujaona kisiwa. Kama ni lazima ubebe nyoyo, ipike alfajiri, iweke kwenye chombo cha kuhifadhi joto ikiwa moto kabisa, na muile mapema.

*Vya kuacha nyumbani:* vyakula vya mafuta mengi kama unajua mawimbi hukusumbua. Tumbo lililojaa mafuta na boti inayoyumba havipatani. Kula kidogo kabla ya kupanda, usipande na njaa kabisa, na ubebe tangawizi, iwe ya kutafuna au kwenye chai. Wengi pia huona afueni wakikaa katikati ya chombo na kutazama mbali kwenye upeo wa macho badala ya kutazama simu.

Maji ya kunywa beba ya kutosha. Usidanganyike na wingi wa maji yaliyokuzunguka. Maji ya ziwa si ya kunywa bila kuchemshwa au kutiwa dawa, hata kama mvuvi aliye karibu nawe anachota na kunywa. Yeye si daktari wako.

Na mfuko wa kubebea? Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, kwa hivyo beba kikapu, kiondo au mfuko wa kitambaa. Kikapu kina faida nyingine: mayai hayapondeki. Takataka zote, maganda ya mayai na chupa, zirudi nawe nchi kavu.

4. Kumlipa muuzaji wa gatini: hatua tano

Hapa ndipo tulipoanguka, kwa hivyo soma polepole.

*Fika mapema.* Kama boti inaondoka saa mbili asubuhi, kuwa gatini saa moja. Haraka haraka haina baraka, na malipo ya simu yanayofanywa kwa haraka ndiyo yanayokwenda kwa mtu asiyehusika.

*Uliza bei kabla ya kushika kitu.* “Mama, yai ni ngapi? Na chai?” Piga jumla kwa sauti ili nyote wawili mkubaliane. Ugomvi mwingi tunaousikia kwa wateja wetu si wa mtandao, ni wa jumla ambayo mmoja aliisikia na mwingine hakuisikia.

*Lipa kwanza, kula baadaye.* Tunajua, njaa ni njaa. Lakini chakula kikiwa bado kwenye beseni, muamala ukikwama hakuna aliyepoteza. Andazi likishaingia tumboni halirudi.

*Soma jina kabla ya kuweka PIN.* Simu itakuonyesha jina la mwenye till au mwenye nambari. Lisome kwa sauti: “Ni hili, mama?” Akisema siyo, sitisha. Nambari moja ikikosewa, pesa yako inamlipia mtu wa Lodwar chakula cha mchana.

*Ngoja meseji mbili.* Yako inayosema umelipa, na yake inayosema amepokea. Kama yake haijafika, usiseme “itaingia tu”. Hayo ndiyo maneno tuliyosema sisi. Mpe pesa taslimu kutoka kwenye zile noti ndogo, au rudisha kile ulichochukua. Ukimpa taslimu na baadaye ile ya simu nayo iingie, angalau mna njia ya kuwasiliana. Chukua nambari yake ya simu kabla ya kupanda.

Na kwa wewe muuzaji unayesoma haya: una haki ya kungoja. Usione aibu kumwambia mteja, “Sijaona meseji bado.” Usikubali kuonyeshwa meseji kwenye simu ya mteja kama ushahidi, maana meseji inaweza kuandikwa na mtu yeyote. Angalia simu yako mwenyewe, na ukiwa na shaka angalia salio lako. Kuna pia wachache wanaolipa, wanapanda, kisha wanaomba muamala urudishwe wakiwa mbali. Ukiwa na nambari ya till, malipo yako yanajulikana kuwa ya biashara, na ombi kama hilo halipiti kiholela. Ukipigiwa simu kuulizwa, jibu na ueleze uliuza nini. Andika mauzo kwenye daftari, saa na kiasi, hata kama ni mandazi mawili.

Mnunuzi naye ajue hivi: kulipa kwa till kwako hakuna makato, lakini kutuma kwa nambari binafsi kunaweza kuwa na makato kulingana na kiasi. Mkiwa kikundi, mmoja alipe jumla yote mara moja badala ya watu kumi kutuma shilingi arobaini arobaini. Mtaokoa muda, na mama atakuwa na meseji moja ya kuangalia.

5. Usinunue ukining'inia ukingoni

Hili si la pesa, lakini hatuwezi kuliacha.

Boti inapokaribia bichi, wauzaji huja na mabeseni, na abiria husimama wote upande mmoja kuwaita. Tafadhali usifanye hivyo. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere cha Tanzania kilipinduka karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara, katika ziwa hili hili letu, kikiwa kimejaza watu kupita kiasi. Zaidi ya watu 200 walikufa wakiwa wanaona nchi kavu. Hakuna mahindi ya kuchoma yanayostahili kusimamia upande mmoja wa boti.

Vaa jaketi la kuokoa maisha tangu mwanzo hadi mwisho, hata kama linakufanya uonekane mnene kwenye picha. Kaa mpaka chombo kifungwe kamba. Na ukiona boti imejaa kupita kiasi, shuka. Nauli ya mia chache unaweza kuidai au kuisamehe. Safiri asubuhi ukiweza, kwa sababu ziwa huwa tulivu zaidi kabla ya upepo wa alasiri.

6. Nyongeza za ndani ya chombo

Mbali na chakula, kuna vitu vidogo vinavyokula pesa bila wewe kujua: mzigo wa ziada, kiti cha sehemu nzuri, kuchaji simu, na mtu wa kukubebea kikapu kutoka boti hadi bichi. Kila kimoja ni kidogo. Ukivijumlisha vinafika bei ya samaki mzima.

Dawa ni kuuliza kabla, si baada. Ukimwona kijana ameshachukua kikapu chako, muulize palepale, “Ndugu yangu, ni pesa ngapi?” Akisema “wewe nipe tu chochote”, taja kiasi chako mwenyewe na mkubaliane. “Chochote” huwa kinapanda bei mkifika.

Kuhusu simu yenyewe: ichaji usiku, beba pawabanki kama unayo, na uifunge kwenye mfuko usiopitisha maji au hata kopo la plastiki lenye kifuniko. Simu ikianguka majini, pesa zako haziko ndani ya simu, ziko kwenye akaunti yako. Ukifika nchi kavu, omba simu ya mtu upige huduma kwa wateja akaunti ifungwe kwa muda, kisha ubadilishe laini ukiwa na kitambulisho. Ndiyo maana kitambulisho na simu havifai kukaa mfuko mmoja. Na PIN usimpe mtu “akusaidie kulipa” kwa sababu mikono yako imeshika mtoto. Mpe mtoto, PIN baki nayo.

Ukituma pesa kwa mtu asiye sahihi, omba irudishwe mara moja unapopata mtandao. Kadiri unavyochelewa ndivyo uwezekano unavyopungua, maana mpokeaji akishaitoa kwa wakala, kazi inakuwa ngumu. Hifadhi meseji ya muamala, usiifute.

7. Ukivuka mpaka

Wengine wetu tunakwenda mbali zaidi. Kutoka Asumbi unaweza kupitia Migori, ukavuka mpaka wa Isebania na Sirari, ukafika Mwanza na kupanda meli ya usiku kwenda Bukoba. MV Victoria, meli ya tangu miaka ya 1960, ilikarabatiwa na kurudi kazini mwaka 2020 ikiwa na uwezo wa kubeba abiria 1,200. Hiyo ni safari ya usiku kucha, kwa hivyo kula chakula cha jioni nchi kavu, beba shuka, na weka bajeti ya chai ya asubuhi. Upande wa Uganda, MV Kalangala hutoka Nakiwogo karibu na Entebbe kwenda kisiwa cha Bugala, safari ya saa tatu na zaidi. Na boti za kasi za Dar es Salaam kwenda Zanzibar huchukua kama saa mbili, zikiwa na vitafunio vinavyouzwa ndani.

Mambo matatu ya kukumbuka. Kwanza, usidhani pesa yako ya simu ya Kenya italipa kila nambari ya malipo ya nchi jirani. Badilisha kiasi cha chakula na nauli kwa wanaotambulika rasmi, na uulize huduma kwa wateja kabla ya kusafiri kuhusu kutuma pesa nje ya nchi. Pili, hesabu sifuri vizuri. Bei ya soda kwa shilingi ya Tanzania au ya Uganda inaonekana kubwa, na ni rahisi kulipa mara kumi bila kujua. Tatu, Tanzania nayo ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu tarehe 1 Juni 2019. Kile kikapu chako cha Asumbi kitavuka mpaka bila shida.

8. Na zile meli kubwa za kitalii?

Pengine unacheka, lakini Mombasa inapokea meli hizo, na wapo vijana wetu wanaofanya kazi humo. Pengine wewe au mwanao mtapanda siku moja, basi jua haya.

Kwenye meli nyingi za kitalii, chakula cha ukumbi mkuu kiko ndani ya bei ya tikiti. Unakula mpaka uchoke. Lakini soda, pombe, mikahawa maalumu, intaneti, picha na ziara za bandarini kwa kawaida hulipiwa kando. Na hulipi pale pale. Unapewa kadi ya chumba, unaigusisha, unaondoka ukitabasamu, na bili yote inakuja mwisho wa safari. Vinywaji huongezewa ada ya huduma, kwa kampuni nyingi asilimia 18 au 20, na kuna bahshishi ya kila siku inayokatwa kwa kila mtu.

Angalia bili yako kila jioni, usingoje siku ya mwisho. Ukitumia kadi ya benki ya akiba, jua meli inaweza kuzuia kiasi fulani kwa siku kadhaa, kwa hivyo usiweke humo pesa ya karo. Na zima romingi kabla meli haijaondoka bandarini, maana mtandao wa simu wa baharini unapitia setilaiti na bei yake ni ya kutisha.

Ukiangalia vizuri, ni kosa lile lile la Mbita: kula sasa na kujua bei baadaye. Tofauti ni kwamba kule utakayeumia ni wewe. Kwenye gati la Mbita anayeumia ni mama mwenye beseni.

Orodha ya kubandika ukutani

- Bajeti ya chakula imeandikwa, ya kubeba na ya kununua.
- Salio limeangaliwa baada ya kutoa nauli.
- Noti ndogo mfukoni.
- Simu imechajiwa na kufungwa isipate maji. Kitambulisho mfuko mwingine.
- Maji ya kunywa, njugu, mayai, ndizi kwenye kikapu.
- Gatini saa moja kabla.
- Lipa kwanza, jina lisomwe, meseji mbili zionekane, kisha kula.
- Jaketi mwilini, kaa chini.

Tulirudi Asumbi jioni tukiwa tumechoka. Mweka hazina wa chama akatoa daftari lake, akasoma matumizi ya kila mtu, akafunga hesabu ikiwa imebaki shilingi 260. Kisha akatugeukia, akatuuliza kama tunaweza kuandika deni letu la Mbita pia, hata kama limelipwa, ili lisisahaulike. Tukaliandika. Liko ukurasa wa mwisho: mandazi, mayai, chai, 480, limelipwa siku ya pili.

Je, wewe umewahi kukwama na malipo ukiwa safarini majini, au ni muuzaji uliyeachwa gatini ukingoja meseji? Tuandikie kupitia programu yetu, sehemu ya msaada. Tutasoma, na tutajibu.